Jamvi Likigeuzwa Dari: Uhakiki wa Lugha ya Sakafu na Dari katika Programu za Usanifu wa Nyumba kwa Kurejelea Milima ya Nyamagana

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu za usanifu wa nyumba zinavyotaja na kuunda sakafu na dari ya chumba cha chini, kwa kuzilinganisha na msamiati wa mafundi ujenzi na mazingira ya milima ya Nyamagana, Mwanza. Programu mbili, Sweet Home 3D na Chief Architect, zimesomwa kama matini. Hoja kuu ni kwamba programu hizi hulitambua tabaka lililo kati ya chumba cha chini na cha juu kwa unene wake na kwa upande linakotazamwa, ilhali Kiswahili cha ujenzi hulitambua pia kwa kile kinacholibeba. Tofauti hiyo ina athari kwa mwenye nyumba. Aidha, mfasiri anayeandika “sakafu” kila mahali programu inapotaja sakafu huifuta bila kujua.

1.0 Utangulizi

Abiria anayewasili Mwanza kwa kivuko cha Kamanga hupokewa na mawe kabla ya kupokewa na watu. Mwamba wa Bismarck umesimama majini karibu na gati, na nyuma yake milima ya Nyamagana imejaa matale makubwa ambayo nyumba zimejipenyeza katikati yake. Kutoka Igogo na Mabatini hadi miinuko ya Bugando na Isamilo, kiwanja cha tambarare ni bahati. Fundi anayejenga huko huanza kazi kwa swali ambalo fundi wa uwandani halazimiki kuliuliza: upande wa chini wa nyumba utasimama juu ya nini?

Majibu yaliyozoeleka ni mawili. Jibu la kwanza ni kujenga ukuta wa mawe upande wa bonde, kujaza kifusi nyuma yake, kukishindilia, kisha kumwaga zege juu yake. Jibu la pili ni kuuacha uwazi huo bila kujazwa, kuuwekea kuta, mlango na dirisha, na kuufanya vyumba. Kwa mtazamaji aliye barabarani nyumba hizi mbili zaweza kufanana kabisa. Tofauti yake imo ndani ya tabaka la zege ambalo aliye juu hulikanyaga na aliye chini hulitazama.

Siku hizi ramani nyingi za nyumba huchorwa kwanza katika kompyuta, mara nyingine na mwenye nyumba mwenyewe au na kijana wa mtaani mwenye kompyuta mpakato. Kwa sababu hiyo, programu ya usanifu imekuwa mahali ambapo lugha ya ujenzi inajifunzwa upya. Mtumiaji hukutana na visanduku vya kujaza: kimo cha chumba, unene wa sakafu, aina ya dari. Visanduku hivyo humfundisha mambo ya kuuliza na, kwa kunyamaza, humfundisha pia mambo ya kutouliza. Makala haya yanachunguza ukimya huo.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na dhana ya thamani ya neno iliyofafanuliwa na Ferdinand de Saussure katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916. Kwa mujibu wa dhana hiyo, neno halipati maana yake kutokana na kitu kinachotajwa peke yake, bali hutokana pia na mipaka yake na maneno jirani. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mfano wa mbali. Penye mpunga, mchele na wali, Kiingereza kina neno moja. Na kila moja kati ya maneno yetu matatu linalindwa na mawili yaliyobaki. Anayeyatafsiri yote kwa neno hilo moja hasemi uongo, lakini msomaji wake hatajua kama chakula kiko shambani, ghalani au mezani.

Dhana hii inatumika hapa kwa kundi dogo la maneno: sakafu, dari, jamvi, boriti na msingi. Programu zimesomwa kama matini yenye msamiati, sarufi na mambo inayoyachukulia kuwa yanajulikana. Lengo si kupima ubora wa programu kibiashara. Lengo ni kubaini dunia ambayo matini hiyo inaichukulia kuwa ya kawaida.

3.0 Sakafu na Dari katika Matini ya Programu

3.1 Mahali pa sifuri

Kila programu ya aina hii huhitaji mahali pa kuanzia kuhesabu kimo. Katika Chief Architect, programu ya Marekani inayotumiwa sana na wabunifu wa nyumba za makazi, sifuri ni uso wa sakafu ya ghorofa ya kwanza, na vyumba vya msingi vilivyo chini yake huhesabiwa kuwa ghorofa namba 0. Uamuzi huu una matokeo ya kushangaza kwa mgeni. Mtumiaji anapoongeza kimo cha kuta za chumba cha chini, nyumba haipandi. Sakafu ya juu imeshikiliwa kwenye sifuri, hivyo kinachosogea ni sakafu ya chini, nayo husogea kuelekea ardhini. Kwa maneno mengine, kuongeza kimo ni kuchimba.

Sarufi hii inaeleweka katika nchi yenye udongo mlaini na mashine za kuchimbia, ambako chumba cha chini huchimbwa chote kwa mara moja kabla ya nyumba kuinuliwa. Katika mteremko wa Igogo, tarakimu moja inayobadilishwa kwa kidole yaweza kumaanisha wiki kadhaa za nyundo, patasi na moto juu ya jiwe. Programu haitofautishi sentimita 40 za udongo na sentimita 40 za matale, kwa kuwa katika lugha yake kilicho chini ya nyumba hakina jina.

3.2 Ardhi inayofichwa

Sweet Home 3D ni programu huria, na kwa kuwa haina malipo ina mvuto kwa mwanafunzi na kwa mwenye nyumba. Katika umbo lake la msingi, ardhi yake ni bapa lililonyooka kwenye kimo cha sifuri. Chumba cha chini huundwa kwa kuongeza ngazi yenye kimo hasi, na chumba kinapochorwa katika ngazi hiyo ardhi hutobolewa. Matokeo yake ni shimo lenye kuta nne zilizozungukwa na udongo pande zote. Chumba cha Nyamagana hakiko hivyo. Ukuta wake wa nyuma umeegemea mlima, kuta za pembeni zimezikwa nusu, na ukuta wa mbele uko wazi, una mlango, na mara nyingi unatazama ziwa.

Chief Architect ina uwezo wa kuchora mteremko kwa vipimo vya kimo, na kwa hilo inastahili sifa. Hata hivyo, ina chaguo ambalo kwa tafsiri yetu huitwa “ficha ardhi inayokatwa na jengo”. Chaguo hilo lina faida: bila hilo, udongo ungeonekana ukiingia sebuleni kwenye picha. Lakini kwa mhakiki, kitenzi “ficha” kinafumbua mengi. Ardhi inayokatwa na jengo ndiyo gharama kubwa ya ujenzi wa mlimani, ndiyo njia ya maji ya mvua, na ndiyo chanzo cha ugomvi na jirani wa juu. Matini inaihesabu kuwa uchafu wa kuondolewa ili picha ipendeze.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuchukue mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 4, na nyumba yenye urefu wa mita 10 kuelekea bondeni. Ikiwa sakafu ya nyumba inalingana na ardhi ya upande wa juu, basi ukingo wa bondeni utakuwa mita 2.5 juu ya ardhi. Tukitoa sentimita 15 za unene wa zege, uwazi unaobaki ukingoni ni mita 2.35, unaotosha mtu kusimama. Lakini mita 4 ndani kutoka ukingoni, uwazi umepungua hadi mita 1.35. Ili chumba chenye kina cha mita 4 na upana wa mita 3 kiwe na sakafu tambarare, lazima mlima ukatwe kwa kimo cha mita 1 upande wa nyuma, yaani takriban mita za ujazo 6. Katika programu yenye ardhi bapa hesabu hii haijitokezi kabisa. Katika programu yenye ardhi iliyofichwa, inajitokeza kisha inafutwa.

3.3 Unene bila mbebaji

Katika Sweet Home 3D, ngazi hufafanuliwa kwa sifa tatu kuu: mwinuko wake, unene wa sakafu yake na kimo chake. Kwa vipimo vya mita, programu huanza na sakafu ya sentimita 12 na kimo cha sentimita 250. Dari ya chumba cha chini haina unene wake yenyewe. Ni upande wa chini wa sakafu ya ngazi inayofuata. Chief Architect hufuata wazo hilohilo kwa undani zaidi: tabaka la kati lina muundo, na katika mpangilio wake wa kuanzia muundo huo ni boriti za mbao zilizolazwa kati ya kuta. Ina hata chaguo la sakafu “inayotolewa na chumba cha msingi kilicho chini”.

Wazo hili la mwili mmoja wenye nyuso mbili ni sahihi, na sehemu ifuatayo itaonyesha kwamba si geni kwa Kiswahili. Kasoro iko kwingine. Mtumiaji anaweza kujaza sentimita 12, akapata picha nzuri, na asiulizwe kama zege hilo limelala juu ya ardhi au limening’inia kati ya kuta mbili. Unene ni uleule, rangi ni ileile, na neno ni lilelile.

4.0 Sakafu na Dari katika Kiswahili

Neno sakafu lina asili katika Kiarabu, ambako saqf ni paa au dari. Waswahili wa mwambao walilipokea wakiwa na nyumba za mawe ambamo miti ya mikoko, yaani boriti, ililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, vikapangwa vipande vya mawe juu yake, kisha chokaa na kokoto zikamwagwa na kupondwa kwa siku kadhaa hadi zikakaza. Kazi hiyo iliitwa kusakifu. Aliyekuwa chumba cha juu aliikanyaga sakafu. Aliyekuwa chini aliiona kama dari. Na ilipokuwa ya juu kabisa ilikuwa paa. Kamusi za zamani zinazolieleza neno hili kwa sakafu na kwa paa pamoja hazikukosea. Zilikuwa zinaeleza mwili mmoja unaotazamwa kutoka pande mbili.

Boriti nazo ziliweka sheria. Mti wa mkoko wenye nguvu ya kubeba chokaa hauwezi kuvuka nafasi kubwa, hivyo vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar vina upana wa takriban mita 2.5 hadi 3, hata vikiwa virefu. Anayeingia katika chumba hicho huisoma sakafu ya juu kwa upana wa kuta. Neno sakafu halikutenganishwa na swali la kinachoibeba, kwa kuwa kibebacho kilionekana kwa macho.

Mabati, saruji na dari za mbao na jipsamu yalipoenea, maneno yaligawana kazi upya. Sakafu ikawa kitu cha kukanyagwa, na dari ikawa kitu chepesi cha kufunika kenchi. Huu ndio mgawanyo ambao msemaji wa leo anaujua na ambao mfasiri wa programu huuchukua bila kufikiri. Lakini mafundi hawakubaki bila neno la kutofautisha vibebaji. Walichukua neno jamvi.

Jamvi, katika matumizi ya kawaida, ni mkeka mkubwa wa ukindu au miyaa unaotandikwa chini watu wakae. Katika ujenzi, jamvi ni zege linalomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa ndani ya msingi. Sitiari hii ni sahihi kihandisi. Jamvi halijibebi, hutandikwa. Ardhi ikiwa sawa, jamvi huwa sawa. Ardhi ikititia, jamvi hupasuka. Kwa zege linalovuka hewa, fundi hasemi jamvi. Husema slabu, na papo hapo hutaja nondo, mirunda ya kuegemezea mbao na siku za kusubiri kabla ya kuiondoa. Katika Kiswahili cha ujenzi, basi, jamvi na slabu hazitofautiani kwa unene bali kwa kibebacho. Thamani ya kila neno inalindwa na jirani yake, kama mpunga unavyolindwa na mchele.

5.0 Jamvi Likigeuzwa Dari

Hatari inayohusika hapa inajulikana kwa yeyote anayefahamu mtindo wa kujenga kwa awamu. Nyumba imejengwa mteremkoni kwa jibu la kwanza: ukuta wa mawe, kifusi, jamvi. Miaka inapita, familia inaongezeka au mwenye nyumba anahitaji kodi ya mpangaji. Anatazama ukuta wake wa bondeni, anaona kwamba nyuma yake kuna kifusi tu, na anawaza kukitoa. Akifungua programu, ataona kuwa jambo hilo ni rahisi: aongeze ngazi moja chini, achore kuta nne, na chumba kitapatikana chenye dari tayari. Programu haitapinga, kwa sababu katika lugha yake sakafu ya juu ni dari ya chini daima.

Zege la jamvi la sentimita 10 juu ya chumba cha mita 4 kwa 3 lina ujazo wa mita 1.2, na uzito wake unakaribia tani 2.9. Likiwa juu ya kifusi, uzito huo hupokelewa na ardhi kila mahali. Kifusi kikiondolewa, uzito huo hubebwa na kingo pekee, na upande wa chini wa zege huanza kuvutwa. Zege ni imara linapobanwa na ni dhaifu linapovutwa. Ndiyo maana slabu huwekewa nondo karibu na uso wake wa chini. Jamvi mara nyingi halina nondo hizo, kwa kuwa halikukusudiwa kuvuka hewa. Jamvi lililogeuzwa dari ni dari kwa jina tu.

Suala la kuongeza nafasi chini ya jengo lililokwisha kusimama haliko Mwanza pekee. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu wengi wakapoteza maisha. Taarifa za habari za siku hizo ziliwanukuu mashuhuda waliosema kwamba kazi ya kupanua eneo la biashara la chini ya jengo ilikuwa imeanza. Kuthibitisha chanzo ni kazi ya wahandisi na vyombo vya sheria. Linalomhusu mhakiki wa lugha ni kwamba tukio hilo liliifanya nchi nzima izungumze kuhusu kilicho chini ya sakafu, na mazungumzo hayo yalihitaji maneno.

6.0 Jina la Chumba cha Chini

Maneno yaliyopo yana mapungufu. Wafanyabiashara wa Kariakoo husema andagraundi, neno linaloeleweka papo hapo lakini linalodai kwamba chumba kiko chini ya ardhi. “Ghorofa ya chini” limekwisha kuchukuliwa na ghorofa inayolingana na barabara. “Chumba cha chini ya ardhi” ni sahihi kwa Kariakoo ya tambarare, lakini Nyamagana ni sahihi kwa nusu tu: anayeingia kwa mlango wa juu yuko juu ya ardhi, anayeingia kwa mlango wa chini pia yuko juu ya ardhi, ingawa kuna sakafu kati yao.

Makala haya hayapendekezi kubuni neno jipya. Yanapendekeza kwamba istilahi itofautishe vyumba vya chini vya kuchimbwa na vyumba vya chini vya mteremkoni, kwa maneno hayahaya ya wazi. Vya kwanza vinauliza udongo umezuiwaje pande zote. Vya pili vinauliza maji ya mlimani yanapita wapi, na ukuta wa nyuma unabeba nini.

7.0 Hoja Kinzani

Inaweza kudaiwa kwamba programu hizi hazikusudiwi kuwa za kihandisi na kwamba kuzilaumu kwa kutouliza kuhusu nondo ni kumlaumu mchora picha kwa kutokuwa fundi. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana makala haya hayadai kwamba programu zina makosa ya hesabu. Dai ni la kimatini. Picha inayotolewa inasomwa na fundi kama maelekezo, kwa sababu mara nyingi hakuna karatasi nyingine eneo la kazi. Ukimya wa picha kuhusu kibebacho husomwa kama ruhusa.

Inaweza pia kudaiwa kwamba jamvi na slabu ni maneno ya mitaani yasiyostahili istilahi sanifu. Hoja hii inaanguka kwa kipimo chake yenyewe. Istilahi hutakiwa kuwa na maana moja iliyo bayana, na jamvi linatimiza sharti hilo kuliko sakafu. Neno lenye mpaka ulio wazi, linalojulikana kutoka Mwanza hadi Mtwara, halipaswi kuachwa kwa kuwa limezaliwa penye vumbi la saruji.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: hata mafundi wanaojua neno jamvi wameondoa kifusi chini yake. Ni kweli. Neno halizuii nyundo. Lakini neno hulipa swali mahali pa kukaa. Mpangaji anayeweza kuuliza “Hii juu yetu ni jamvi au slabu?” amepata nguvu ambayo mpangaji mwenye neno “dari” peke yake hana. Afisa anayepokea ombi la kibali cha ujenzi katika fomu ya Kiswahili naye hupata nguvu hiyohiyo.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, programu zilizosomwa zina ufahamu sahihi kwamba dari ya chini na sakafu ya juu ni mwili mmoja, ufahamu ambao Kiswahili cha mwambao kiliubeba ndani ya neno sakafu karne nyingi zilizopita. Pili, programu hizo huchukulia ardhi bapa na chumba cha kuchimbwa kuwa hali ya kawaida, hivyo nyumba ya mteremkoni inalazimika kujieleza kwa lugha ya shimo. Tatu, hazitofautishi zege lililotandikwa na zege linalovuka, tofauti ambayo mafundi wetu wanaitaja kwa maneno mawili ya kila siku.

Kwa hiyo, mfasiri atakayezileta programu hizi katika Kiswahili asianzie kwenye kamusi ya lugha mbili. Apande kwanza mlima mmoja wa Nyamagana wakati zege linamwagwa, asikilize kinachoitwa jamvi na kinachoitwa slabu, kisha arudi kwenye kisanduku cha unene wa sakafu na kuongeza chini yake swali moja: inabebwa na nini? Aliyelala chumba cha chini anastahili swali hilo liulizwe kabla hajahamia.